Aliyekuja kutawala, akapokelewa uchi



Wengi wetu tunaikumbuka safari ya Mtume Paulo kwenda Roma, jinsi meli ilivyovunjika na abiria wote wakaokoka hadi kisiwa cha Malta. Mwinjili Luka anatusimulia, mwishoni mwa Matendo ya Mitume, kwamba wenyeji wa kisiwa kile waliwawashia moto wageni wale kwa sababu ya mvua na baridi. Sehemu hiyo huwa tunaisoma haraka ili tufike kwa nyoka. Dominika hii nakuomba tukae kidogo kwenye moto ule, maana nataka kukusimulia habari za mtu mwingine aliyetupwa na bahari akawashiwa moto na watu aliokuwa amekuja kuwatawala.

Jina lake ni Álvar Núñez Cabeza de Vaca. Jina hilo la ukoo maana yake ni Kichwa cha Ng'ombe. Usicheke, kwao Hispania lilikuwa jina la heshima, alilolirithi upande wa mama. Alizaliwa yapata mwaka 1490 katika mji wa Jerez de la Frontera, kusini mwa nchi hiyo. Babu yake upande wa baba, Pedro de Vera, ndiye aliyekamilisha kukiteka kisiwa cha Gran Canaria, na aliwauza utumwani wenyeji wa visiwa vile. Nakutajia babu huyu ili ujue kijana alikulia katika nyumba ya namna gani. Kuteka nchi za watu ilikuwa kazi ya ukoo.

Tarehe 17 Juni 1527 aliondoka Hispania na msafara wa Pánfilo de Narváez, aliyekuwa amepewa na mfalme ruhusa ya kuiteka Florida. Walikuwa na meli 5 na watu wapatao 600. Cabeza de Vaca alikuwa mtunza hazina wa mfalme, yaani mtu wa kuhakikisha kwamba sehemu ya mfalme katika dhahabu itakayopatikana haipotei. Kati yao walikuwamo pia watawa watano Wafransisko. Balaa halikuchelewa. Walipofika visiwani, watu zaidi ya 140 walitoroka. Huko Kuba kimbunga kikazamisha meli 2, watu 60 wakafa na farasi 20.

Aprili 1528 walishuka Florida. Hapo Narváez akafanya uamuzi uliowamaliza: meli ziende zikatafute bandari, na yeye na watu 300 waingie bara kwa miguu kutafuta dhahabu. Cabeza de Vaca alipinga. Narváez akamwambia, kama anaogopa, abaki na meli. Akakataa, kwa sababu hakutaka mtu aseme kwamba alikuwa mwoga. Ndugu msomaji, ni watu wangapi wameharibikiwa kwa sababu hiyo hiyo? Alijua njia ni mbaya, akaishika ili heshima yake isiguswe. Kila mtu alipewa ratili 2 za biskuti na nusu ratili ya nyama ya nguruwe, wakaondoka. Meli zile hawakuziona tena.

Dhahabu haikuwapo. Walipofika kijiji cha Waapalachee walichokuwa wameambiwa kina utajiri, walikuta vibanda 40 na mahindi. Wanaume hawakuwapo. Wahispania wakawashika wanawake na watoto. Wenyeji walipokuja kwa amani kuomba jamaa zao, waliwapata, lakini Narváez akamzuia mkuu mmoja wao kama dhamana. Tangu siku hiyo mishale haikukoma. Walipofika pwani wakiwa wagonjwa na wenye njaa, walibaki na njia moja tu, ya baharini, na kati yao hapakuwa na mtu ajuaye kuunda chombo.

Hata hivyo waliunda. Vyuma vya farasi vikayeyushwa vikawa misumari, misumeno na mashoka. Ngozi ya paa ikawa mivukuto. Mashati yakashonwa kuwa matanga. Singa za farasi zikasokotwa kamba. Kila siku ya tatu walichinja farasi mmoja wakala, na ngozi za miguu yake wakatengeneza viriba vya maji. Tarehe 22 Septemba 1528 watu wapatao 240 waliingia katika mashua 5, zikiwa zimejaa kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kujigeuza. Viriba vikaoza. Baadhi ya watu walikunywa maji ya chumvi wakafa. Wakapita mbele ya mdomo wa mto Mississippi, upepo ukawatawanya. Cabeza de Vaca alimwomba Narváez, ambaye mashua yake ilikuwa na watu wenye nguvu zaidi, amtupie kamba. Narváez akajibu kwamba wakati wa amri umekwisha, kila mtu ajiokoe awezavyo. Naye mwenyewe, usiku mmoja baadaye, alichukuliwa na bahari pamoja na mashua yake, akapotea.

Alfajiri ya tarehe 6 Novemba wimbi liliitupa mashua ya Cabeza de Vaca kwenye kisiwa cha pwani ya Texas ya leo. Wahispania walikuja kukiita Malhado, yaani kisiwa cha balaa. Muda si muda wakatokea wenyeji 100 wenye pinde. Hawakupigana. Walipewa shanga na njuga, nao kila mmoja akatoa mshale kuwa alama ya urafiki, na kesho yake wakaleta samaki na mizizi ya kula.

Sasa sikiliza lililofuata. Wahispania, baada ya kula, waliamua kuendelea na safari. Wakavua nguo zote, wakaziweka ndani ya mashua, wakaisukuma majini. Wimbi likaipindua. Watu watatu wakazama, na kila kitu kikaenda: nguo, silaha, vyakula. Wale waliobaki walitambaa ufukweni uchi kama siku waliyozaliwa, Novemba, katika upepo wa baridi, wamekonda kiasi cha kuhesabika mifupa. Jioni wenyeji wakarudi na chakula. Walipowaona katika hali ile wakashtuka, wakageuka kuondoka. Cabeza de Vaca akawaita, akawaeleza kwa ishara kwamba mashua imezama na wenzao wamekufa. Maiti mbili zilikuwa pale mbele yao.

Wenyeji wakaketi kati ya wale wageni, wakaanza kulia. Walilia kwa sauti, kwa dhati, kwa zaidi ya nusu saa.

Cabeza de Vaca ameliandika tukio hilo kwa mkono wake mwenyewe, na kwa unyofu ameandika pia kwamba wakati ule aliwaona watu hawa kuwa washenzi wasio na akili, na kwamba kuona watu wa namna hiyo wakiwalilia kulimzidishia uchungu. Nampenda kwa kutolificha jambo hilo. Maneno yake ya dharau na machozi ya wenyeji yamekaa katika ukurasa mmoja, na msomaji anaona mwenyewe nani alikuwa na moyo.

Aliwasihi wawachukue nyumbani kwao. Wenzake waliokuwa wamewahi kufika Meksiko walimzuia, wakisema watatolewa sadaka. Wenyeji walikubali kwa furaha. Kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na waliogopa wageni wangekufa kwa baridi, walitangulia kuwasha mioto minne au mitano mikubwa njiani. Wakawabeba mbiombio kutoka moto hadi moto, miguu yao ikigusa chini kwa shida, wakiwaotesha moto kidogo kila mahali kabla ya kuendelea. Huko kijijini walikuta nyumba imeshajengwa kwa ajili yao, na mioto ndani yake. Usiku kucha wenyeji walicheza ngoma, na usiku kucha Wahispania walikaa macho wakisubiri kuchinjwa. Kulipokucha waliletewa samaki.

Unaijua sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, ile ya kondoo na mbuzi. Mgeni, mwenye njaa, aliye uchi, mgonjwa. Watu wa Malhado hawakuwa wameisikia. Waliokuwa wameisikia walikuwa wale waliobebwa.

Kisiwani walikusanyika watu 80 kutoka mashua mbili. Kipupwe kilipokwisha walibaki 15. Wahispania watano waliokuwa wamejitenga pwani walikulana mmoja baada ya mwingine hadi akabaki mmoja, aliyekosa wa kumla. Wenyeji walipogundua walichukizwa mno, wakasema kama wangejua mapema wangewaua wote. Kisha ugonjwa wa tumbo ukaingia kijijini, ukaua nusu ya wenyeji. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja, mwenyeji akafa. Baadhi wakataka kuwaua Wahispania, wakiwadhani ni wachawi. Aliyewaokoa ni mwenyeji aliyekuwa akikaa na Cabeza de Vaca. Aliwaambia wenzake kwamba kama wageni hawa wangekuwa na uwezo wa kuua, wangeanza kwa kuzuia kufa kwa watu wao wenyewe. Akasikilizwa.

Baada ya hapo wenyeji waliwataka wageni wawe waganga. Wahispania wakacheka na kukataa. Wakanyimwa chakula hadi wakakubali. Basi wakafanya walichokijua: Ishara ya Msalaba juu ya mgonjwa, Baba Yetu na Salamu Maria, na kumpulizia pumzi kama walivyokuwa wakifanya waganga wa pale. Uinjilishaji ulioanza kwa sababu ya njaa! Sisi mapadre tukiwa wakweli, si wa kwanza wala wa mwisho.

Lakini usidhani alikaa kama mheshimiwa. Kazi yake ilikuwa kuchimba mizizi majini kati ya matete, hadi vidole vikachubuka kiasi kwamba hata unyasi ukivigusa vilitoka damu. Akatoroka kwenda bara, akawa mchuuzi. Alipeleka bara makombe ya baharini, akarudisha pwani ngozi, udongo mwekundu wa kujipaka, matete ya mishale na mawe magumu ya kuchonga vyembe. Kwa kuwa kila kabila lilimhitaji, alipita kati ya maadui bila kuguswa. Angeweza kwenda zake mapema. Hakwenda, kwa sababu kisiwani alikuwa amebaki Mhispania mmoja, Lope de Oviedo. Kila mwaka Cabeza de Vaca alivuka kumsihi waondoke, na kila mwaka mwenzake aliomba wangoje mwaka ujao. Hatimaye akamtoa, akamvusha mito kwa kuwa hakujua kuogelea. Walipokutana na watu wakali kidogo tu, Oviedo akarudi nyuma. Ilikuwa imepita miaka karibu sita kwa ajili ya mtu yule.

Ndipo akawapata watatu wengine waliokuwa hai: Andrés Dorantes, Alonso del Castillo, na Estebanico. Huyu wa mwisho alikuwa Mwafrika mweusi kutoka Azemmour, Moroko, mtumwa wa Dorantes. Mwaka 1534, katika msimu wa matunda ya mpungate, ule mmea wenye miiba, wote wanne walitoroka kuelekea magharibi. Safari yao iliwapitisha Texas na kaskazini mwa Meksiko hadi upande wa bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita, kwa miguu mitupu. Ngozi zao zilibambuka kama za nyoka. Cabeza de Vaca anasema kwamba alipokuwa akikata kuni vichakani na miiba ikimtoa damu, faraja yake moja ilikuwa kumtafakari Mkombozi wetu na taji lake la miiba. Mimi nimehubiri Ijumaa Kuu nyingi, na sidhani kama nimewahi kuyafikiria Mateso nikiwa karibu nayo hivyo.

Sifa za uponyaji zikawatangulia. Waliletewa wagonjwa wa kichwa, wa viungo, hata mtu aliyedhaniwa amekwisha kufa, ambaye baada ya kuombewa watu walisema ameamka na kula. Siku moja Cabeza de Vaca alimpasua kifua mtu aliyekuwa na chembe cha mshale ndani, akakitoa kwa kisu, akashona kidonda. Watu 3,000 au 4,000 walikuwa wakiwafuata, kila mmoja akitaka chakula chake kipuliziwe na kubarikiwa kabla hajala. Hapo napenda tusiwe wepesi wa kushangilia. Waliofuatana nao waliingia kila kijiji kipya na kuwapora wenyeji mali zao, kama desturi mpya ya kuwapokea waganga, na walioporwa walikwenda kujifidia kijiji kilichofuata. Wale wanne hawakuweza kuizuia. Zaidi ya hayo walijifunza kunyamaza mbele ya watu ili waogopwe zaidi. Estebanico ndiye aliyesemeshana na wenyeji, akauliza njia na kupanga mambo. Hatari ya kuheshimiwa mno inatujia nasi tunaovaa kanzu, na ukimya ni moja ya njia zake.

Katika kijiji kimoja walipewa mioyo ya kulungu zaidi ya 600, wakakiita Mji wa Mioyo. Baada ya hapo waliona mtu amevaa shingoni kipande cha chuma cha mkanda wa upanga na msumari wa kwato ya farasi. Wakristo wako karibu! Walimshukuru Mungu. Lakini kadiri walivyosogea, nchi ilizidi kuwa tupu. Vijiji vimechomwa, mashamba mazuri hayana mtu, wenyeji wamejificha milimani wakila magome ya miti, kwa sababu Wahispania walikuwa wakiwakamata kuwafanya watumwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1536 Cabeza de Vaca, akiwa na Estebanico na wenyeji 11, aliwakuta Wahispania wanne juu ya farasi. Walimtazama mtu yule aliyeungua kwa jua, mwenye nywele ndefu, akisema Kihispania, wakabaki wameduwaa wasiweze hata kuuliza swali. Akaomba apelekwe kwa mkubwa wao, Diego de Alcaraz. Huyu alikuwa na njaa na amepotea njia. Cabeza de Vaca akawaita wenyeji, wakaja watu 600 wakiwa wamebeba mahindi katika vyungu. Alcaraz akala mahindi, kisha akataka kuwafunga walioyaleta.

Ugomvi ukawa mkubwa. Alcaraz aliwaambia wenyeji, kwa njia ya mkalimani, kwamba hawa wanne ni Wahispania vilevile, wanyonge waliopotea, na kwamba yeye ndiye bwana wa kutiiwa. Wenyeji hawakusadiki. Walijadiliana wao kwa wao wakasema haiwezekani. Hawa wametoka maawio ya jua, wale wametoka machweo. Hawa huponya wagonjwa, wale huua wazima. Hawa wamekuja uchi na bila viatu, wale wamevaa na wamepanda farasi na kushika mikuki. Hawa wakipewa kitu hukigawa palepale na kubaki bila kitu, wale kazi yao ni kuiba. Cabeza de Vaca hakuweza kuwashawishi kwamba yeye ni mmoja wa wale.

Alifanikiwa kuwarudisha makwao, akaondoka akiamini amewaachia amani. Alcaraz aliwatoa yeye na wenzake chini ya ulinzi, kwa njia ya porini ili wasisemeshane na wenyeji, kisha akaenda kuwavamia watu walewale. Baadaye Melchior Díaz, mkuu wa Culiacán, mtu wa haki, alimwomba Cabeza de Vaca asaidie kuwaita wenyeji washuke milimani. Walishuka, wakajenga makanisa, wakasimika misalaba, na watoto wa wakuu wao wakabatizwa. Huko Compostela gavana Nuño de Guzmán, kinara wa biashara hiyo ya watumwa, alimpa nguo zake mwenyewe. Kwa siku nyingi Cabeza de Vaca hakuweza kuzivaa, wala hakuweza kulala isipokuwa sakafuni. Waliingia jiji la Meksiko tarehe 23 Julai 1536, siku moja kabla ya mkesha wa Mtakatifu Yakobo. Kati ya 300 walioingia bara ya Florida, ni hao wanne. Estebanico alitumwa tena kaskazini mwaka 1539 kumwongoza Padre Marcos de Niza, akauawa na Wazuni. Hakuiona tena Azemmour.

Agosti 1537 Cabeza de Vaca alifika Ulaya. Miezi miwili tu kabla ya hapo Papa Paulo wa Tatu alikuwa ametoa hati ya Sublimis Deus, akifundisha kwamba wenyeji wa Amerika ni binadamu kamili na wasinyang'anywe uhuru wala mali zao. Hati nzuri. Kina Alcaraz hawakuisoma.

Ndugu msomaji, ni rahisi kuwa mpole ukiwa uchi na huna upanga. Swali ni utakavyokuwa ukirudishiwa nguo na cheo. Mfalme alimpa cheo: ugavana wa Río de la Plata. Alishuka pwani ya Brazil, akatembea miezi minne na watu 250, akapita kwenye maporomoko ya Iguazú, akafika Asunción, Paraguay, Machi 1542. Njiani aliagiza kwamba kila kitu kilichochukuliwa kwa wenyeji kilipwe. Huko Asunción aliwakuta Wahispania wakiishi kama masultani, kila mmoja na wanawake wa Kiguarani nyumbani kama mali. Akaweka sheria za kuwalinda. Hakuwa malaika: alipigana vita, na aliendelea kuamini kwamba nchi ile ni ya mfalme wake. Hata baadhi ya watawa waligombana naye, nasi tusifiche. Aprili 1544 Wahispania wenzake walimvamia akiwa mgonjwa kitandani, wakamfunga minyororo karibu mwaka mzima.

Gerezani alihudumiwa na mwanamke mwenyeji aliyemletea chakula. Walinzi walimvua nguo zote kila siku kumpekua, wakamkagua hadi mdomoni. Hawakujua kwamba barua za rafiki zake zilikuwa zimekunjwa, zikapakwa nta nyeusi na kufungwa kwa uzi chini ya vidole vya miguu yake.

Mwaka 1545 alirudishwa Hispania akiwa mfungwa. Kesi ilikwenda miaka sita. Mwaka 1551 alihukumiwa: avuliwe vyeo vyote, apelekwe uhamishoni Oran, Afrika ya Kaskazini. Adhabu ilipunguzwa baadaye, lakini hakurudi tena Amerika. Mwaka 1555, akiwa mzee asiye na cheo, alichapisha tena kitabu chake huko Valladolid, safari hii akiongeza habari za Paraguay. Ukurasa wa ile jioni ya Novemba, wenyeji wakiwa wameketi ufukweni wakilia pamoja na Wahispania, aliuacha ulivyokuwa.